Linux na Muziki: Tatizo Liko Kwenye Vifaa

Wapo wanaodai kwamba kijana anayetaka kurekodi muziki siku hizi hana udhuru. Mfumo wa Linux hutolewa bure, programu za kurekodia hutolewa bure, na kompyuta ya mitumba huweza kununuliwa kwa fedha zisizotosha kununua gitaa jema. Wapo pia wanaodai kinyume chake, kwamba Linux ni mfumo wa wahandisi na walimu wa vyuo, na kwamba mwanamuziki akiugusa atamaliza siku zake akitengeneza kompyuta badala ya kutunga nyimbo. Madai yote mawili yana kasoro moja. Yanazungumza juu ya programu peke yake, na kusahau kwamba sauti hupita katika waya, kadi, soketi ya umeme na kijiwe cha saa kabla haijafika kwenye programu yoyote.

Jambo hili si dogo kwa sisi tunaoishi chini ya milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa miji mikuu ya muziki wa dansi katika nchi yetu. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoiongoza Cuban Marimba hadi alipofariki mwaka 1965, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipopata jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Bendi hizo zilipotaka kurekodi zilisafiri: zilikwenda Dar es Salaam kwenye mitambo ya Radio Tanzania, au Nairobi ambako santuri zilitengenezwa. Safari hiyo sasa si ya lazima. Kwaya ya Changarawe au kikundi cha ngoma cha Mgeta kinaweza kurekodi pale pale kinapoimbia. Uwezo uliokuwa wa taifa zima umekuja kukaa juu ya meza moja. Swali ni kama meza hiyo ni imara.

Hali ilivyo katika studio nyingi ndogo za mitaani inajulikana, ingawa haisemwi sana. Kompyuta hutumia Windows, na programu ya kutengenezea mapigo, mara nyingi FL Studio, huwa ni nakala iliyovunjwa kufuli. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta sawasawa na inavyozilinda nyimbo. Kwa hiyo msanii yule yule anayelalamika kwamba wimbo wake unanakiliwa bila malipo, ameutengeneza kwa chombo kilichonakiliwa bila malipo. Zaidi ya hayo, nakala za namna hiyo ni mlango mpana wa virusi. Tena tangu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft imekoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Hizo ndizo kompyuta zilizojaa madukani kwetu. Kwa wengi wa wenye kompyuta hizo, Linux si suala la imani wala la siasa ya programu huria. Ni njia pekee iliyobaki ya kuwa na mfumo halali na unaohudumiwa.

Basi na tuuchunguze mfumo huo bila kuusifu na bila kuutukana.

Kompyuta haiisikii sauti kama sikio linavyoisikia. Huipima mara nyingi sana kwa sekunde, kwa kawaida mara 48,000, na kila kipimo huandikwa kama tarakimu. Tarakimu hizo hazipelekwi moja moja. Hukusanywa katika hifadhi ndogo iitwayo bafa. Msomaji aifikirie bafa kama mtungi. Kadi ya sauti huchota maji humo kwa mwendo mmoja usiobadilika, wala haingoji mtu. Kompyuta ni mtumishi anayetakiwa kuujaza mtungi kabla haujakauka. Mtungi ukiwa mkubwa, mtumishi hata akipumzika kidogo hapana madhara, lakini maji yanayonywewa ni ya zamani. Mtungi ukiwa mdogo, maji ni mapya daima, lakini mtumishi akichelewa nukta moja mnywaji hukosa. Kukosa huko ndiko kule kukwaruza na kukatika kwa sauti ambako wanamuziki hukulaumu.

Hesabu yake ni rahisi. Bafa ya vipimo 1,024 ni milisekunde 21 na kidogo. Mifumo mingi huweka bafa mbili, yaani takriban milisekunde 43. Kwa kuwa sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde, mpiga gitaa anayejisikia kwa kuchelewa kiasi hicho ni kama aliyesimama mita 15 kutoka kwenye spika yake. Hapo mkono na sikio huachana. Akipunguza bafa hadi vipimo 128, mbili zake ni kama milisekunde tano, sawa na spika iliyo umbali wa mita mbili hivi, na hapo anaweza kupiga bila shida. Lakini sasa mtumishi wetu hana ruhusa ya kuchelewa hata milisekunde tatu.

Ni nini humchelewesha? Si wingi wa kazi peke yake. Kiini cha mfumo, ambacho ndicho hasa kiitwacho Linux na ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mwaka 1991, kilikusudiwa kugawa muda kwa haki baina ya kazi zote. Haki hiyo ni njema kwa ofisi lakini ni mbaya kwa muziki, maana kadi ya mtandao inapotaka kusikilizwa hupewa zamu yake hata kama mtungi unakauka. Kwa takriban miaka 20 wahandisi wamekuwa wakiandika marekebisho yanayokiwezesha kiini kukatiza kazi ndogo kwa ajili ya kazi ya dharura, na mwaka 2024 sehemu ya mwisho ya marekebisho hayo iliingizwa rasmi katika kiini chenyewe, toleo la 6.12. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, hayawezi kuponya kiendeshi kibovu cha kadi ya picha, wala kompyuta mpakato inayojipunguzia kasi yenyewe ili kuokoa betri. Jambo la kwanza ninaloshauri kwa mtu anayelalamikia kukatika kwa sauti ni kuzima mtandao usiotumia waya na kuilazimisha kompyuta ibaki katika kasi ya juu, kabla hajagusa kitu kingine chochote. Mara nyingi malalamiko huishia hapo.

Juu ya kiini kuna tabaka nyingine ambazo zimewachanganya watu kwa miaka mingi. ALSA ndiyo inayozungumza na kadi, nayo iliingia katika kiini cha kawaida kuanzia toleo la 2.6 la mwaka 2003. Juu yake palikuwa na PulseAudio kwa matumizi ya kawaida na JACK kwa wanamuziki, na hizo mbili zilikuwa kama wake wenza wanaogombea jiko moja: mmoja akiishika kadi, mwingine hunyimwa. Ugomvi huo ndio uliolipa Linux sifa mbaya miongoni mwa wanamuziki, na sifa hiyo ilistahili. Tangu mwaka 2021 mifumo mikubwa imekuwa ikihamia kwenye PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans, ambayo hufanya kazi ya wote wawili. Kwa maoni yangu PipeWire imemaliza nusu ya tatizo la zamani. Inasikitisha tu kwamba maelekezo mengi anayoyakuta kijana anapotafuta msaada yaliandikwa wakati wa ugomvi, naye huyafuata neno kwa neno na kuuvunja mfumo uliokuwa mzima.

Sasa tuje kwenye vifaa vyenyewe, ambako ndiko hasa tatizo lilikobakia.

Kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta mpakato hufuata kanuni moja iliyotolewa na Intel mwaka 2004, lakini kila mtengenezaji huunganisha pini zake apendavyo, kisha huficha maelezo ya uunganishaji huo ndani ya kiendeshi cha Windows. Waandishi wa Linux hulazimika kugundua wenyewe, aina kwa aina, na kuandika orodha ndefu ya marekebisho. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo, na kwetu ni ya faida: kompyuta ya miaka minane au kumi iliyopita, kama vile ThinkPad au Latitude iliyotumika maofisini Ulaya, mara nyingi hutoa sauti bila taabu kwa sababu marekebisho yake yamekwisha kuandikwa, ilhali kompyuta mpya ya bei kubwa inaweza kukaa bubu kwa miezi. Kwa mara moja, mitumba ina heri.

Lakini hakuna arekodiye kwaya kwa kadi ya ndani. Hununuliwa kifaa cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB, chenye matundu ya vipaza sauti. Hapa pana kanuni ambayo kila mnunuzi aijue. Iko kanuni ya kimataifa ya vifaa vya sauti vya USB, iliyotolewa kwanza mwaka 1998 na ya pili mwaka 2006. Kifaa kinachoifuata hakihitaji kiendeshi cha mtengenezaji. Linux hukitambua mara kinapochomekwa. Kisichoifuata ni kama redio isiyo na kitafuta mawimbi. Tatizo ni kwamba maboksi hayasemi wazi, nayo huandikwa tu kuwa kifaa ni cha Windows na Mac. Ipo ishara moja ya kutumainika: kama boksi linasema kifaa hufanya kazi na iPad bila kuongeza programu, basi kwa kawaida hufuata kanuni hiyo na kitakubaliwa na Linux pia. Ushauri huu mfupi ungeokoa fedha za watu wengi, nami sijui kwa nini haufundishwi mahali popote.

Hata hivyo, kufuata kanuni si kukamilika. Vifaa vingi vina mitambo ya ndani ya kuchanganya sauti ambayo huongozwa na programu ya mtengenezaji peke yake, nayo haipo kwa Linux. Sauti hupita, lakini milango mingine ya kifaa hubaki imefungwa. Kwa vifaa vya Scarlett, kwa mfano, milango hiyo ilifunguliwa na mtu mmoja, Geoffrey Bennett wa Australia, aliyeandika kiendeshi chake na dirisha lake la kuongozea. Kazi ya mtu mmoja mwenye bidii ikanufaisha dunia nzima. Ni jambo la kupendeza, na ni jambo la kutia hofu pia, kwa kuwa mtu mmoja huweza kuugua au kuchoka.

Yako matatizo mengine ambayo Linux hulaumiwa bure. Mwaka juzi niliombwa na kwaya moja ya vijana niitazame mitambo yao. Kifaa chao kilikuwa kikitoweka katikati ya wimbo na kurudi baada ya sekunde mbili, na muuzaji wao alikuwa amewaambia kwamba kosa ni la Linux, warudi Windows. Tulipima umeme. Tundu la USB la kompyuta ile nzee lilitakiwa kutoa volti 5 na miliampia 500, kiwango cha juu cha USB ya toleo la pili. Kifaa chenyewe kilikuwa kikibadilisha umeme huo mdogo kuwa volti 48 kwa ajili ya vipaza sauti viwili vya kondensa. Kila waimbaji wote walipoingia kwa sauti kuu na taa za kifaa zikawaka, volti zilishuka, na kifaa kikazimika kama mtu aliyezimia. Kitovu cha USB chenye umeme wake mwenyewe kiliwaponya siku hiyo hiyo. Kifaa kile kingezimika chini ya Windows vile vile. Tofauti ni kwamba Windows ingekaa kimya, lakini Linux iliandika kila kuzimika katika kumbukumbu zake, kwa saa na sekunde, na kumbukumbu hizo ndizo zilizotuelekeza kwenye umeme. Nauona huo kuwa ubora usiopimwa kwa bei: mfumo unaokiri kilichotokea.

Umeme wetu ni sura nzima peke yake. Kushuka na kupanda kwa volti, nyumba zisizo na waya wa ardhini, mngurumo wa hezi 50 unaoingia katika kila rekodi: hayo hayaponywi na programu yoyote, nami sitayaendeleza hapa.

Lililo zito zaidi ni suala la saa. Kila kifaa cha sauti kina kijiwe cha kwazi kinachokipa mwendo, na hakuna vijiwe viwili vinavyokwenda sawa kabisa. Mtu asiye na fedha za kifaa chenye matundu manne hununua viwili vya matundu mawili, au vipaza sauti viwili vya USB vya bei nafuu, akidhani hesabu ni ile ile. Tuseme vijiwe vyao vinatofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, tofauti ya kawaida kwa vifaa vya bei ndogo. Baada ya saa moja sauti moja itakuwa imeiacha nyingine kwa milisekunde 180, na mpiga ngoma ataonekana amelewa. Zamani JACK ilikataa moja kwa moja kuvipokea vifaa viwili kama kimoja, na watu wakaiita ngumu. Ilikuwa na haki. PipeWire huvipokea na kuirekebisha tofauti hiyo kwa hesabu inayoendelea, lakini hesabu hiyo hula nguvu za kompyuta na huongeza ucheleweshaji. Ushauri wangu ni kununua kifaa kimoja chenye matundu ya kutosha, hata kama kwaya itangoja miezi sita kuchanga.

Kuna upande ambao wapenzi wa Linux hawapendi kuusikia. Kijana aliyejifunza kazi yake kwa FL Studio ana mamia ya sauti za vinanda na ngoma zilizoandikwa kwa Windows. Yapo madaraja ya kuzivusha, kupitia Wine, na baadhi yake hufanya kazi vizuri mno. Lakini daraja huvunjika Wine inapobadilika, tena bila taarifa. Studio inayolipwa kwa saa haiwezi kujengwa juu ya daraja la namna hiyo. Mwenye kazi hiyo anunue leseni halali abaki alipo, wala asione haya. Linux inamfaa zaidi yule anayerekodi sauti za watu na ala halisi: kwaya, marimba, zeze, magitaa, ngoma za Kiluguru. Kwake yeye Ardour inatosha, na Hydrogen ikihitajika kwa mapigo. Na kwa kuwa muziki huo ndio ulio hatarini kutorekodiwa kabisa, naona hapo ndipo pa kuanzia.

Halafu akishapata mpangilio unaokubali, asiuguse. Uimara wa Linux kwa kazi ya muziki ni uimara wa kutobadilisha. Achague toleo linalohudumiwa kwa miaka mingi, kama vile Debian au matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu Studio, na masahihisho ayaingize baada ya kumaliza albamu, si usiku wa kuamkia siku ya kurekodi.

Yote haya yanafahamika kwa wachache, na hapo ndipo ninapoona wajibu wa taasisi zetu. Tunajua namna ya kuifanya lugha ya Kiswahili iseme ndani ya kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kazi ninayoipendekeza ni ndogo kuliko hiyo. Vichukuliwe vifaa vya sauti vinavyouzwa kweli Kariakoo na katika maduka ya Morogoro, labda 30 au 40, vipimwe kimoja kimoja kwenye kompyuta za mitumba za aina zilizoenea, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili kila mwaka. Upimaji wenyewe hauhitaji maabara. Waya mmoja hutoka kwenye tundu la kutolea sauti na kurudi kwenye tundu la kuingizia. Programu hutuma mlio, huusikiliza ukirudi, na kuhesabu vipimo vilivyopita katikati. Kisha kifaa huachwa kikirekodi usiku kucha, asubuhi ikahesabiwa sauti imekatika mara ngapi, umeme wa kawaida ukiwapo na jenereta ikiwapo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kuifanya. Chuo Kikuu cha Mzumbe kinajulikana zaidi kwa utawala, biashara na sheria, lakini hufundisha teknolojia ya habari pia, na sioni kwa nini orodha hiyo isianzie hapa. Vyuo na ofisi za umma zinaponunua vifaa vya sauti, nazo ziandike katika zabuni sharti la kufuata kanuni ya USB niliyoitaja. Sharti hilo ni sentensi moja.

Neno la mwisho linahusu faili. Kanda za Radio Tanzania za miaka ya 1960 na 1970 zinaweza kusomwa hadi leo na mashine yoyote nzima ya kanda, kwa kuwa namna ya kuziandika haikuwa siri ya kampuni. Faili la kazi lililohifadhiwa ndani ya programu ya kufuli halisomeki siku leseni inapokwisha au kampuni inapofungwa. Kila kikundi kinachorekodi, kiwe kinatumia Linux au Windows, kitoe kila sauti peke yake katika faili la WAV, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kiandike mwendo wa wimbo na majina ya waimbaji katika faili la maandishi matupu, na kiweke nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Wimbo wa dakika nne wenye sauti nane, kwa vipimo 48,000 vya biti 24, huchukua takriban megabaiti 276. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 hubeba nyimbo zaidi ya mia moja za namna hiyo.